Marufuku Kucheka Mbele ya Manyoya

Kwenye mlango wa chumba cha kuchanganyia, pale kiwandani, kuna kibao cha maandishi mekundu: MARUFUKU KUCHEKA, KUPIGA CHAFYA, KUIMBA, KUPULIZA NA KUHEMA KWA HASIRA. Aliyekiandika ni meneja. Mwenyewe haingii humo hata siku moja, maana huvaa suti nyeusi, na suti nyeusi ikiingia kwenye chumba cha manyoya ya sungura hutoka imeota mvi kabla ya mwenye suti. Kwa hiyo sheria hii ilitungwa kama zinavyotungwa sheria nyingi, na mtu ambaye haimhusu.

Aliyehusika nayo ni Mama Nuna.

Wageni wakisikia jina hilo humgeukia binti yake na kumuuliza, "Kwa hiyo wewe ndiye Nuna?" Hapana. Nuna si mtoto, Nuna ni uso. Ni uso mpana, mzuri ukiutazama kwa subira, lakini umefungwa kama duka siku ya msiba. Wenzake kiwandani ndio waliompa jina, naye alilipokea bila kutikisa hata nyusi, jambo ambalo lilizidi kulithibitisha jina lenyewe.

Kazi yake ni kuchanganya pamba, sufu na manyoya ya sungura kabla hayajawa uzi. Watu wakiambiwa hivyo hufikiri ni kama kukoroga uji. Wajaribu waone. Pamba ni ngumu na haina makuu: inafuliwa, inapigwa, inapigwa pasi, na kesho iko kazini. Sufu ina joto, tena ina tabia ya mashangazi, ikishamshika mtu haimwachii. Manyoya ya sungura ni laini kupita kiasi, mepesi kupita kiasi, na hayana msimamo hata chembe. Ukiyageuzia mgongo yamehama. Vazi la manyoya matupu lingekutoka mwilini kabla hujafika nyumbani. Basi pamba inabeba mzigo, sufu inawashika wenzake wasitoroke, na sungura anapewa sifa zote dukani. Aliyewahi kufanya kazi ofisini ameshauelewa mpango huu.

Mchanganyo wenyewe hutandikwa sakafuni, na wanauita kitanda. Mama Nuna hutandaza pamba kwanza, kisha sufu, kisha juu yake anadondosha manyoya ya sungura kwa vidole, membamba kama ukungu, halafu anachukua pampu na kunyunyiza maji yenye mafuta kidogo ili manyoya yatulie. Kisha anaanza upya: pamba, sufu, sungura, maji. Kitanda kikifika magotini, wanakikata kwa reki kuanzia juu hadi chini, ili kila konzi inayoingia kwenye mashine ya kuchana iwe na wote watatu.

Hatari iko pale kati ya kudondosha na kunyunyiza. Huwezi kulowesha mapema, manyoya yatajiviringisha vidonge kama ya dawa. Lazima yalale makavu kwanza, safu nzima, na wakati huo wote mtu aliyemo humo hana ruhusa ya kuwa binadamu. Feni imezimwa. Madirisha yamezibwa. Unatembea kama mwizi na kupumua kwa pua. Chafya moja tu, na kitanda cha asubuhi nzima kinapaa hadi kwenye dari.

Wachanganyaji waliomtangulia walishindwa mmoja mmoja. Mmoja alikuwa na mafua ya kudumu. Mwingine alikuwa na furaha ya kudumu, akafukuzwa mapema zaidi. Mama Nuna alidumu. Kicheko kikija, alikimeza. Kikirudi, alikimeza tena. Miaka ikaenda, na uso ukazoea, ukawa haufunguki hata akiwa sokoni.

Nyumbani nako hapakumsaidia. Mume wake ni fundi saa, na meza yake ya kazi iko sebuleni, imejaa skrubu ndogo kama mayai ya chawa. Ukikohoa karibu na meza ile, saa ya mtu inapotea milele. Kwa hiyo katika nyumba yao chafya hupigwa barabarani. Majirani walishazoea kumwona mmoja wao akitoka mbio, anapiga chafya mbele ya geti, anafuta pua na kurudi ndani taratibu, kama mtu aliyetoka kutupa takataka.

Humo ndimo alimokulia binti yao. Si ajabu basi kwamba siku aliyompelekea mama yake chakula kiwandani, akamkuta dereva wa lori la pamba akicheka peke yake kwa sababu tairi lake limepasuka, alisimama pale pale na sufuria mkononi, akasema moyoni: huyu huyu.

Dereva naye akampenda. Vijana wakakubaliana. Kikabaki kitu kidogo tu, wazazi kukutana.

Baba wa dereva ni kinyozi. Saluni yake iko kwenye kona, kiti kimoja, kioo kimoja, benchi moja, na benchi limejaa siku zote, kwa sababu Kinyozi ana vichekesho. Watu wa mtaa ule wanaapa hakuna mtu mcheshi kumzidi. Anasimulia huku ananyoa, na mteja anacheka hadi sabuni inamwingia mdomoni. Yeye mwenyewe kichwa chake ni kipara kitupu, cheupe kwa mng'ao, anakipaka mafuta kila asubuhi hadi mteja anajiona vizuri zaidi humo kuliko kwenye kioo.

Alikuja kwa Mama Nuna siku ya Jumapili, na mke wake, na kijana, na hicho kichwa.

"Mzazi mwenzangu!" alianza hata kabla hajakaa. "Nasikia unafanya kazi ya manyoya. Mimi nafagia nywele gunia zima kila wiki. Nikuletee tutengeneze blanketi?"

Akajicheka mwenyewe, akasubiri. Mke wake akacheka, ni wajibu wake. Kijana akacheka, ni ugonjwa wake. Mama Nuna akalifikiria jambo lile.

"Hapana," akasema. "Nywele za watu zinateleza na zinachoma. Sufu haitazishika."

Fundi saa akatikisa kichwa kukubali, maana aliona jibu limejitosheleza.

Kinyozi akajaribu tena. Akatoa kile cha mbuzi aliyeingia benki. Akatoa kile cha daktari na mama mkwe. Akatoa kile ambacho huwa anakiweka kwa ajili ya sikukuu, cha mtu aliyezikwa na simu. Mama Nuna alisikiliza kwa makini yote, kama anasomewa matokeo ya hospitali, kisha akauliza, "Na hiyo simu, ilikuwa na chaji?"

Niseme ukweli wa mambo: alikuwa anacheka. Ndani kabisa, chini ya mbavu, kicheko cha mbuzi kilikuwa kinagongana na kicheko cha simu. Lakini mlango wa kutokea ulikuwa umeshika kutu.

Kinyozi hakuweza kuliona hilo. Aliondoka amevimba. Kesho yake jibu likaja kupitia kwa kijana, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Baba amesema hawezi kuozesha mtoto kwenye nyumba inayomdharau," alimwambia binti pale getini. "Anasema mama yako acheke kichekesho chake hata kimoja, waziwazi, kwa sauti. La sivyo hakuna harusi."

"Acheke?" binti akauliza. "Tu?"

"Tu."

"Bora angesema tumletee simba."

Jioni hiyo familia ikakaa. Binti alikuwa na macho mekundu, na Mama Nuna alipoyaona macho yale aliweka kijiko chini.

"Nitacheka," akasema.

"Mama, huwezi."

"Nimejifunza kutocheka. Kujifunza kucheka kutanishinda nini?"

Kulimshinda kila kitu. Alisimama mbele ya kioo cha chumbani akafungua mdomo. Kilichotoka kilimfanya fundi saa aje mbio akidhani pampu ya maji imekufa. Binti akamwambia alegeze mabega. Akalegeza mabega, mdomo ukafunga. Fundi saa, mtu mpole ambaye hajawahi kumgusa mkewe bila kubisha hodi, aliombwa amtekenye. Alimtekenya kwa kidole kimoja, pole pole, kama anatafuta skrubu.

"Hapo vipi?"

"Panawasha."

"Na hapa?"

"Baba Nanii, acha. Utachoka bure."

Akajaribu kicheko cha kuigiza: ha, ha, ha. Binti akasikiliza, akaziba uso kwa mikono. "Mama, ukimchekea hivyo ataita polisi."

Ndipo Mama Nuna akaja na wazo lake mwenyewe. Kama hawezi kucheka, basi Kinyozi aje kiwandani aone kwa nini. Aone kitanda, aone manyoya. Akielewa kwamba si dharau bali ni kazi, huenda akalegeza sharti. "Naye ni mtu wa nywele," akasema. "Ataelewa."

Wazo zuri sana. Lilikuwa na kasoro hiyo moja tu, kwamba ni mtu wa nywele.

Kinyozi alikubali kwenda, kwa shingo upande, na akavaa shati lake jeusi la heshima. Fundi saa na binti wakafuatana naye, na kijana akaegesha lori. Meneja aliposikia kuna wageni alitoka ofisini, akawapa mikono na kuwaeleza kwamba kampuni inajivunia ubunifu, akarudi ofisini. Mlangoni Mama Nuna akamwonyesha Kinyozi kile kibao. Akakisoma mara mbili.

"Kucheka ni marufuku? Kweli?"

"Kweli."

"Sasa humu mnaishi vipi?"

"Kwa pua," akasema Mama Nuna, na akamfungulia.

Waliingia wote kwa ncha za vidole. Kitanda kilikuwa kimefika magotini, kazi ya tangu asubuhi, oda ya shali ambayo meneja alikuwa ameiahidi kwa watu wakubwa. Ilibaki safu moja ya mwisho. Kwenye mwanga wa taa manyoya yalionekana kama pumzi ya mtu siku ya baridi. Mama Nuna akachuchumaa, akaanza kudondosha. Kwa kunong'ona, bila kutoa hewa, alimweleza Kinyozi kila kitu: huyu anabeba, huyu anashika, huyu anatoroka. Na Kinyozi, sitamnyima haki yake, alielewa. Alitazama vidole vya mama yule vikitenganisha nywele na nywele, na akanyamaza. Mke wake angekuwepo angeita daktari.

"Mzazi mwenzangu," akanong'ona baada ya muda, "hii ni kazi kweli."

"Ndiyo."

"Kumbe siku ile..."

"Nilitaka kucheka. Ya simu hasa."

Kinyozi akaguswa. Binti mlangoni akamminya mkono baba yake. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hivyo, harusi ilikuwa imebakiza hatua chache tu kufungwa mle ndani, pale Kinyozi alipoinama aone vizuri.

Sasa, mtu akishanyoa vichwa vya watu tangu ujana wake, kuna vitu ambavyo havipitii tena kwenye akili. Anaona nywele zilizokatika zimelala mahali, laini, nyeupe, karibu na pua yake. Midomo inajikusanya yenyewe. Kifua kinajaa chenyewe. Ni kitu anachokifanyia shingo ya kila mteja kabla ya kumvua shuka.

"Fuuuu."

Alipuliza kwa ufundi, kutoka kushoto kwenda kulia, hakuacha hata pembe.

Safu yote ikanyanyuka kwa pamoja, kimya, kama shuka linalokung'utwa. Kinyozi alijaribu kuirudisha. Alipiga mikono hewani, na kwa kupiga mikono akaziamsha safu za chini. Akaona anaharibu, akarudi nyuma, akakanyaga reki, reki ikampiga, akakaa katikati ya kitanda kizima kwa makalio yake yote. Hapo sufu na pamba navyo vikaona visibaki nyuma. Chumba kikawa cheupe. Kwa muda hakuna aliyemwona mwenzake, ilisikika tu sauti ya Kinyozi ikisema, "Samahani! Samahani jamani! Naomba radhi!" na kila samahani ilipuliza mengine.

Kisha yakaanza kushuka.

Manyoya ya sungura, kama nilivyosema, hayashiki popote. Lakini yakikutana na mafuta yanapata msimamo. Na mle ndani palikuwa na kitu kimoja tu kilichopakwa mafuta vizuri, mviringo, chenye joto. Yalikuja kutoka pembe zote. Yalishuka juu ya kipara kile kwa heshima, moja moja, yakajipanga. Mpaka hewa inasafika, Kinyozi alikuwa ameketi juu ya mabaki ya oda ya watu wakubwa, shati jeusi limekuwa jeupe, na kichwani ana nywele. Nyingi. Nyeupe, zimesimama, zinapepea kidogo kila akihema. Na juu ya masikio yake yalikuwa yamejikusanya mafungu mawili marefu, wima, kama masikio ya sungura mwenyewe.

Yeye hajui. Akapeleka mkono kichwani kujipangusa jasho, kama alivyozoea. Mkono ukasimama. Ukapapasa. Uso wake ukabadilika polepole, ukawa uso wa mtu aliyekutana njiani na ndugu aliyedhani amekufa zamani.

"Mama yangu," akasema. "Zimerudi."

Mama Nuna alimtazama. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Alikimeza. Kikarudi. Alikimeza tena kwa mazoea, lakini huko chini kulikuwa kumeshajaa, kulikuwa na mbuzi huko, na simu, na daktari, na vichekesho vya wafumaji waliostaafu, na siku ile meneja alipokwama kwenye lifti ya mizigo akihutubia. Akatazama kitanda. Hakikuwepo kitanda cha kulinda tena.

Akafungua mdomo.

Wafumaji wa ukumbi wa pili walizima mashine wakidhani kuna kitu kimekatika. Alicheka ameshika ukuta. Alicheka amekaa chini. Kilikuwa kicheko kikubwa, kizito, cha mtu mwingine kabisa, na kila akitulia, Kinyozi aligeuza kichwa na yale mafungu mawili yakageuka naye, akaanza upya. Binti alisimama mlangoni analia na kucheka kwa pamoja. Hajawahi kuisikia sauti ile maishani mwake. Fundi saa alitoka mbio hadi barabarani, akapiga chafya, akarudi.

Meneja naye alikuja, akasimama nje ya kizingiti kwa sababu ya suti.

"Nani anacheka humu? Hamwoni kibao?"

"Ni mimi," akasema Mama Nuna, machozi yanamtiririka. "Niandikie onyo, bwana meneja. Andika mawili kabisa. Sijamaliza."

Onyo liliandikwa. Na kitanda, alikiokota kutoka kila pembe na kukitandika upya yeye mwenyewe, siku mbili nzima, amefunga uso kama kawaida. Lakini kabla ya hapo palikuwa na kesi.

Kesi ilifanyika jioni ile ile, sebuleni kwa fundi saa. Kinyozi alikuwa ameshaoga, na kadiri alivyokauka ndivyo alivyozidi kununa.

"Nakubali amecheka," alisema. "Sikatai. Lakini sharti langu lilikuwa acheke kichekesho changu. Mimi pale sikutoa kichekesho. Amecheka kichwa!"

"Baba," kijana akasema, "si kicheko ni kicheko?"

"Nyamaza wewe, wewe unacheka tairi. Mimi nina jina. Watu wanacheka maneno yangu, hawacheki fuvu langu."

Ndipo fundi saa, ambaye tangu ajulikane na familia ile alikuwa hajatamka sentensi kamili, aliinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua.

"Mzazi mwenzangu," akasema taratibu, ili skrubu zisiruke. "Wale wateja wako. Wakati wanacheka, wewe unakuwa umeshika nini?"

"Nimeshika nini? Wembe."

"Umeuweka wapi?"

Kinyozi akafungua mdomo. Akafikiria. Mkono wake wa kulia, wenyewe, ukapanda hadi kooni mwake, ukasimama hapo.

Saa za wateja zilisikika ukutani, kila moja na wakati wake. Kinyozi alionekana kuwapitia wateja wake mmoja mmoja, benchi zima.

Binti akamwonea huruma. Akasogea, akapiga magoti mbele ya kiti chake. "Baba," akamwita, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Kichwa kile ni cha nani?"

"Ni changu."

"Aliyepuliza nani?"

"...Mimi."

"Aliyesema 'zimerudi' je?"

Kinyozi akajipapasa kipara. Kisha pembe ya mdomo wake ikasogea.

"Hiyo ya 'zimerudi'," akasema, "ilikuwa nzuri, eeh?"

"Ilikuwa nzuri sana," akasema Mama Nuna kutoka kwenye kona yake, na bega lake likaanza kutikisika. Ikabidi fundi saa afunike meza yake kwa mikono yote miwili.

Harusi ikafungwa. Kinyozi alipewa nafasi ya kuhutubia, na siku hiyo hakuwa na wembe. Alianza na mbuzi aliyeingia benki. Wateja wake wote walikuwepo, wamekaa safu ya mbele, shingo zao ziko huru. Mbuzi alipotoka benki ukumbi mzima ulikuwa kimya. Mtu mmoja alikohoa, mwingine akauliza chakula kinaletwa saa ngapi. Kinyozi akaangaza macho ukumbini hadi alipompata Mama Nuna, ameketi na uso wake uliofungwa, mikono mapajani.

Basi akaacha kusema. Akajipapasa mfukoni, akatoa fungu dogo jeupe alilolificha siku ile wakati wanampangusa, akalitemea mate kidogo na kulibandika katikati ya kipara. Akasimama wima, mzito, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti.

Ukumbini hapakuwa na kitanda cha kulinda. Mama Nuna alianza peke yake, na kabla hajafika katikati, safu nzima ya mbele ilikuwa imeshamfuata.

Nyuma kabisa, mtu mmoja alitoka mbio hadi barabarani, akapiga chafya, akarudi ndani taratibu.